Neno "bado" na mitego yake kwa Wachina wanaojifunza Kiswahili Tabora

MGENI anayejifunza Kiswahili mkoani Tabora hukutana na neno "bado" mapema kuliko maneno mengi. Hulisikia stesheni anapoulizia treni, dukani anapoulizia mzigo, na kazini anapouliza kama shughuli imekamilika. Ni neno fupi la silabi mbili, lakini lisipoeleweka linaweza kupoteza muda, fedha na hata kiungo cha mtu.

Tabora si ngeni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Katika karne ya 19 eneo hili la Unyanyembe lilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani na kurejea walikuwa miongoni mwa watu waliokisambaza Kiswahili bara, ilhali kwao wenyewe kilikuwa lugha ya pili.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia hiyo ya kale. Desemba 2022 Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilisaini mkataba na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC, wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye jumla ya kilometa 506 za njia. Kwa hiyo, wanaohitaji kulielewa neno "bado" katika njia hii sasa ni pamoja na wazungumzaji wa Kichina.

Wengi wao hukifikia Kiswahili kupitia kamusi za Kiingereza, na hapo ndipo utata unapoanzia. Kiingereza hakina neno moja linalofanya kazi zote za "bado". Hutumia "still" kwa jambo linaloendelea na "yet" pamoja na kanusho kwa jambo ambalo halijatokea. Mwanafunzi akishika tafsiri moja na kuiacha nyingine, amebeba nusu ya neno.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha yake mwenyewe ingemfikisha karibu zaidi. Kichina kina kielezi "hái" (还) ambacho, kama "bado", hutumika kwa jambo linaloendelea na kwa jambo linalongojewa.

Tuanze na matumizi yanayolingana. "Bado analala" na "treni bado imesimama Itigi" huonyesha hali ambayo haijakoma. Hapa "hái" inatosha.

Pili, "bado hajafika" huonyesha tendo linalongojewa. Mchina atasema "hái méi", yaani "hái" ikifuatwa na kanusho. Tatu, "bado dakika kumi" huonyesha kiasi kilichosalia, na Kichina kina "hái yǒu" kwa maana hiyohiyo. Nne, "nimemweleza mara tatu, bado haelewi" huonyesha matokeo yasiyolingana na juhudi, na hapo pia Kichina hutumia "hái" au "háishi".

Baada ya mlingano huo kuna mitego. Mtego wa kwanza, tena wa hatari kuliko yote, ni "bado" inaposimama peke yake.

Tuchukue mfano wa fundi anayemwuliza mwenzake kabla ya kugusa mtambo: "Mashine imezimwa?" Akijibiwa "bado imezimwa", maana yake ni kwamba ilizimwa na ingali imezimwa. Akijibiwa "bado" tu, maana yake ni kinyume kabisa: haijazimwa. Neno ni lile lile na swali ni lile lile, lakini jibu moja linaruhusu mkono kuingia ndani ya mtambo na jingine linaukataza.

Kanuni yake ni nyepesi. "Bado" ikiandamana na kitenzi, hufuata maana ya kitenzi hicho. Ikisimama peke yake kama jibu la swali la kutaka kujua kama jambo limetendeka, ni kanusho. Katika Kichina "hái" haisimami peke yake kwa namna hiyo. Lazima kanusho "méi" litamkwe. Katika Kiswahili kanusho limo ndani ya ukimya unaofuata.

Ndiyo maana kwenye kazi za hatari ni busara mzungumzaji wa Kiswahili naye amsaidie mgeni kwa kujibu kwa sentensi kamili: "Bado haijazimwa." Herufi chache zaidi hazimgharimu mtu kitu.

Mtego wa pili unahusu vitenzi vinavyoandamana na neno hili. Kiswahili hutofautisha "hakufika" na "hajafika". La kwanza hufunga habari: muda ulipita, hakuja. La pili huiacha wazi: anatarajiwa. Kichina kinaweza kusema "méi lái" kwa hali zote mbili, na ni "hái" inayoongezwa mbele ndiyo huleta matarajio. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo atasema "fundi hakufika" wakati fundi yuko njiani, na mnyapara atamhesabu kuwa mtoro. Kumbe alitakiwa kusema "hajafika".

Historia ya Tabora ina mfano mzuri wa tofauti hiyo. Mwaka 1872 David Livingstone alibaki Kwihara, nje kidogo ya mji, kuanzia Machi hadi Agosti akiwasubiri wapagazi ambao Henry Morton Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Katika miezi yote hiyo jibu sahihi kwa aliyeuliza habari zao lilikuwa "bado, hawajafika". Kama angeambiwa "hawakufika", asingekuwa na sababu ya kuendelea kungoja. Walifika Agosti, na safari ikaendelea.

Mtego wa tatu unatokana na kazi ambazo "hái" inazo lakini "bado" haina. Mchina anaweza kuitumia "hái" kuongeza kitu kingine kwenye orodha. Akitaka nondo na pia saruji, akasema "nataka nondo, bado nataka saruji", mwenye duka ataelewa kwamba saruji iliagizwa zamani na haijaletwa. Ataanza kupekua daftari la madeni. Neno lililohitajika ni "pia" au "vilevile".

Aidha, Kichina husema "hái hǎo" kwa maana ya "si mbaya" au "ni nzuri kiasi". Mgeni akiulizwa na mama lishe kuhusu chakula, akajibu "bado kizuri", atakuwa amesema kwamba hakijachacha. Hiyo si sifa ambayo mpishi angependa kuisikia mbele ya wateja. Aseme "kizuri" au "si kibaya".

Vilevile "hái" huweza kukoleza ulinganisho. Hapa Kiswahili hutumia "hata" na "zaidi": "leo kuna joto zaidi hata ya jana", wala si "leo bado joto kuliko jana".

Lipo jambo jingine ambalo kamusi haliwezi kulieleza vizuri. Katika mambo ya utu, "bado" ni jibu la adabu. Kijana akiulizwa kama ameoa, au mama akiulizwa kama mgonjwa wake amepona, "hapana" husikika kama mlango uliofungwa. "Bado" huuacha wazi. Wachina hawatapata shida kulielewa hilo, kwani "hái méi" hutumika kwao kwa busara hiyohiyo.

Hata hivyo, "bado" haina tarehe. Haisemi kesho wala mwezi ujao. Kibarua anayeuliza kama malipo yameingia akaambiwa "bado" amepewa matarajio, hakupewa ahadi. Swali linalofuata kwa Mswahili yeyote ni "mpaka lini?", na mgeni anapaswa kulijifunza siku ileile anapojifunza "bado".

Kwa anayefundisha Kiswahili kwa Wachina, ushauri ni kuiweka kando kamusi ya Kiingereza katika somo hili na kuanza na "hái" wanayoijua. Waonyeshwe kwanza inakolingana na "bado", kisha inakoachana nayo. Na kabla hawajapelekwa kwenye mataruma na mitambo, wapimwe kwa swali moja: mtu akijibu "bado" na kunyamaza, jambo limetendeka au halijatendeka?