Leseni ikikaribia kuisha, thamani ya duara hushuka

WAKATI bei ya dhahabu katika soko la dunia ilipovuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia mwezi Oktoba 2025, mchimbaji mdogo wa Masumbwe alikuwa na kila sababu ya kuongeza kina cha duara lake. Mwaka 1999 wakia hiyo hiyo iliwahi kushuka hadi karibu dola 250. Lakini bei nzuri haisongezi mbele tarehe iliyoandikwa kwenye leseni, na kwa baadhi ya wachimbaji tarehe hiyo iko karibu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hudumu kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Chini ya sheria iliyotangulia, ya mwaka 1998, muda ulikuwa miaka 5. Hivyo leseni iliyotolewa mwaka 2019, mwaka ambao Serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya zuio ya asilimia 5 na kufungua soko la madini la Geita, inafika ukomo mwaka 2026.

Wapo wanaodhani kwamba maadam duara linatoa mawe na mrabaha unalipwa sokoni, haki yao iko salama. Hayo ni ya Marekani. Huko mwenye ardhi binafsi mara nyingi ndiye mwenye mafuta na gesi iliyo chini yake, naye huikodishia kampuni kwa miaka michache. Kampuni ikichimba na kuuza kwa faida, mkataba kwa kawaida huendelea hata baada ya miaka hiyo. Ikikaa bila kuchimba, haki humrudia mwenye shamba. Tanzania madini yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Duara likitoa mifuko mia kwa wiki, uzalishaji huo hauongezi hata siku moja kwenye leseni. Kinachoongeza muda ni maombi ya kuhuisha, yaliyowasilishwa Tume ya Madini kabla ya muda kwisha, yakiwa na ada zilizolipwa na kumbukumbu za uzalishaji zinazosomeka.

Leseni ikiisha bila maombi, eneo hurudi Serikalini na kuwa wazi. Hapo kanuni ni ya foleni: ombi lililotangulia kupokelewa ndilo linalotangulia kufikiriwa. Aliyetumia miaka saba kufuata mwamba anaweza kumkuta mtu wa Mwanza au Dar es Salaam ametangulia mbele yake kwenye mtandao, bila ya kukanyaga Masumbwe.

Hasara huanza hata kabla ya siku hiyo. Mwenye karasha anayetaka kuingia ubia, au tajiri anayekopesha pampu na milipuko, huuliza kwanza imebaki miaka mingapi. Leseni yenye miaka sita mbele ni bidhaa. Yenye miezi mitano ni kesi inayokuja. Ndiyo maana aliye makini huanza kushughulikia karatasi zake mwaka mmoja kabla, wakati bado ana sauti mezani. Mwenye uzalishaji mkubwa anaweza pia kuomba leseni ndogo zake zigeuzwe kuwa leseni ya kati, ambayo hutolewa kwa miaka 10. Njia hiyo ni ndefu zaidi na haifai kuanzwa dakika za mwisho.

Jambo linalosumbua zaidi ni jina. Leseni nyingi ziko kwa jina la mtu mmoja, ingawa waliochanga fedha ni watano au sita na makubaliano yao ni ya mdomo. Mwenye jina akifariki dunia mwaka wa sita, wenzake hawana cha kupeleka Tume. Wakati familia ikikaa kikao cha ukoo na kumtafuta msimamizi wa mirathi mahakamani, siku zinahesabika vile vile. Kumwingiza mbia kwenye leseni angali hai mwenyewe ni kazi ndogo mno ukilinganisha na hiyo.

Wenye maduara nao wamefungwa kwenye tarehe hiyo hiyo. Mgawo wa mifuko kati yao na mwenye leseni ni mkataba wa watu wawili, na mwenye leseni mpya hakuwamo. Hata lundo la marudio lililoachwa kusubiri mtambo wa kuchenjulia linaweza kuzua ugomvi, kama hapana maandishi yanayosema ni la nani na litaondolewa lini.

Makampuni makubwa yamewahi kuonja adha ya haki inayokatika ghafla. Kanuni za Januari 2018 zilifuta leseni zote za kushikilia maeneo. Wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa wakashinda tuzo ya zaidi ya dola milioni 109 mwaka 2023. Mwaka uliofuata ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 90. Mchimbaji wa Mbogwe hana mkataba wa uwekezaji wa kimataifa wa kumkinga. Kinga yake ni risiti.

Kwa mkulima ambaye shamba lake limechimbwa, hesabu ni tofauti. Ardhi ya juu inabaki yake, na sheria inamtaka mchimbaji apate ridhaa yake na kumlipa fidia. Ila asilimia anayogawiwa inatokana na makubaliano na mwenye leseni wa sasa tu. Karibu na ukomo ndipo anapoweza kudai masharti mapya kwa maandishi: mashimo yafukiwe, mgawo uandikwe, na mrithi wa leseni afungwe nao. Na eneo likibaki wazi, hakuna kinachomzuia kuomba leseni mwenyewe, maadam ni Mtanzania na ana nukta za mipaka ya eneo. Asiyeijua tarehe hupata habari siku anapomkuta fundi mgeni kwenye mihogo yake, akipima.