Selimundu na Saratani ya Figo

Neno selimundu limeungwa kwa seli na mundu, chombo cha kukatia nyasi. Nalo lafaa, kwani chembe nyekundu za damu hupinda mfano wake. Katika Kanda ya Ziwa, ilimo Nyamuswa ya Mara, wengi hurithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu, wala hawaugui. Ila, kwa nadra sana, baadhi yao hupatwa wangali vijana na saratani ya sehemu ya ndani ya figo, iliyoelezwa mwaka 1995. (Kinachorithiwa ni damu, si saratani yenyewe.) Mpimaji wa tishu, kwa darubini, aghalabu huona chembe zilizopinda, akitia rangi maalumu, protini iitwayo SMARCB1 haionekani katika seli za saratani. Asiyeyachunguza hayo aweza kuidhani saratani ya kawaida ya figo, na mgonjwa akapewa dawa zisizomfaa.