Hewa Ndani ya Meli: Somo la MV Bukoba

Mei 21, 1996 MV Bukoba, meli ya abiria na mizigo, ilipinduka karibu na Mwanza. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, mamia walikufa. Tumbo lake lilibaki juu kwa kuwa hewa ilinaswa ndani. Waokoaji walipolitoboa wawatoe watu, hewa ikatoka, maji yakaingia, meli ikazama. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja na mitungi ya hewa, lakini kutoa maiti tu.

Basi hata sisi wa Dunga na Usenge tujifunze. Mashua ikipinduka, ishikilieni, msiiache. Na kabla ya kuondoka tuhesabu watu na jaketi za kuokolea. Zisipotosha, wengine wangoje. Tusimjaribu Mungu.