Utitiri wa majini wenye jina la Jennifer Lopez

MWANAMUZIKI Jennifer Lopez ana sifa nyingi duniani, lakini kuna moja ambayo mashabiki wake wengi hawaijui. Jina lake limepewa kiumbe mdogo kuliko kichwa cha pini, anayeishi chini ya bahari ya Karibiani.

Kiumbe huyo anaitwa Litarachna lopezae. Alitangazwa mwezi Julai 2014 katika jarida la kisayansi la ZooKeys, baada ya kupatikana katika kina cha karibu mita 70 kwenye matumbawe yaliyo kati ya Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Hadi wakati huo hakuna kiumbe wa ukoo wake aliyewahi kupatikana katika kina kirefu zaidi ya hicho.

Waliofuga kuku nyumbani wanaujua utitiri na usumbufu wake. Huyu ni ndugu yake wa majini. Si mdudu hasa, kwani akikua ana miguu minane kama buibui na kupe.

Aina za utitiri wa majini zinazojulikana zinapita 6,000, na karibu zote huishi katika maji yasiyo ya chumvi: mito, maziwa, chemchemi na madimbwi. Ukoo wa Litarachna ni kati ya zile chache zilizohamia baharini.

Maisha ya hao wa mitoni na madimbwini ni ya ajabu. Mtoto huzaliwa na miguu sita. Hujishikiza kwenye mwili wa mdudu anayeruka, kama kerengende au mbu, akamfyonza huku akibebwa bure hadi kwenye maji mengine. Akikua hugeuka mwindaji, akila mayai na viluwiluwi vya wadudu, wakiwemo mbu. Wengi hawavumilii maji machafu, hivyo mto ukichafuliwa hao huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka.

Sasa jina hilo limetoka wapi? Vladimir Pešić wa Chuo Kikuu cha Montenegro na wenzake walikuwa wakiandika taarifa yao wakati wa Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil. Lopez alikuwa mmoja wa walioimba wimbo rasmi wa mashindano hayo. Watafiti walieleza kuwa nyimbo zake ndizo zilizowachangamsha kazini, wakaamua kumshukuru. Isitoshe, wazazi wa Lopez wanatoka Puerto Rico. Herufi "ae" mwishoni ni kanuni ya Kilatini kuonyesha kuwa aliyeenziwa ni mwanamke.

Wapo waliocheka, lakini kazi yenyewe si mzaha. Kutangaza aina mpya ni kumpima kiumbe kwa darubini mguu kwa mguu, kumchora, kumlinganisha na ndugu zake wote wanaojulikana, kisha kuhifadhi mmoja awe kielelezo kwa watakaokuja baadaye.

Faida yake sisi tumeiona. Mwaka 1996, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya mradi wa umeme wa Kihansi, Tanzania, walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Muda mfupi baadaye maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua sana.

Kwa kuwa alikwishajulikana, mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 shirika la IUCN lilitangaza kuwa chura huyo ametoweka porini. Vizazi vya wale waliosafirishwa vilianza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 baadhi wakaachiwa Kihansi.

Bronx ndiko alikozaliwa Jennifer Lopez.

Chura wa Kihansi alipata jina lake mapema kidogo kuliko maafa. Katika mito yetu wamo viumbe wadogo kuliko yeye, wasioonekana bila darubini, na mito hiyo inachimbwa mchanga, inamwagiwa taka na kukauka kila mwaka. Anayetoweka kabla ya kupewa jina hakuna hata wa kumuulizia.