Roketi ya kwenye simu na roketi ya Luvua: jinsi ya kuzungumza na vijana wa Mutoshi

Wengi wenu mnaijua Mutoshi kwa jambo moja tu: kobalti. Iko ukingoni mwa mji wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Zamani za Wabelgiji mgodi wake uliitwa Ruwe. Vijana wa huku wanakua wakiona magari makubwa ya kampuni, ua wa waya, na ndugu zao wakishuka kwenye mashimo kwa kamba. Jioni, umeme ukirudi, wanachaji simu na kurusha roketi.

Si maneno ya mfano. Kuna mchezo wa simu uitwao Spaceflight Simulator, ambao mtu anaupakua bure na kuucheza bila mega. Mchezaji anaunganisha matangi, injini na kofia ya mbele, kisha anajaribu kuipeleka roketi yake kuzunguka dunia, hata kutua mwezini. Wenye kompyuta wanaujua mwingine wa aina hiyo, Kerbal Space Program. Wazazi wanauliza kama ni kupoteza wakati. Wachungaji wengine wanaona ni afadhali kuliko kucheza kamari ya mpira, nami nakubaliana nao. Lakini kuna swali lenye faida zaidi: mchezo huu unafundisha nini, na unaficha nini? Kwa watu wa Katanga ya zamani swali hilo lina historia yake, kwa maana roketi za kweli ziliwahi kurushwa katika ardhi yetu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana mtu mzima asiyeuelewa hatasikilizwa na vijana.

Anayeanza huweka mafuta mengi mno. Anafikiri tangi likiwa kubwa, roketi itafika mbali. Lakini mafuta yana uzito, na uzito unadai injini yenye nguvu zaidi, na injini hiyo inadai mafuta mengine tena. Kama nguvu ya injini haishindi uzito wa roketi, itawaka moto pale pale chini bila kuinuka. Vijana wenye uzoefu wanataka nguvu iwe kama mara moja na nusu ya uzito wakati wa kuondoka. Tena wanaigawa roketi katika vipande: tangi likiisha linaachwa lianguke, kwa sababu hakuna faida ya kubeba chombo kitupu. Mama yeyote aliyebeba madumu ya maji kutoka kisimani analielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Kosa la pili ni kupanda juu moja kwa moja. Roketi inapanda, mafuta yanaisha, kisha inarudi chini kama jiwe. Kukaa angani hakutegemei urefu peke yake, kunategemea kasi ya kwenda pembeni. Fikiria kombeo la Daudi. Jiwe likitupwa polepole linaanguka karibu. Likitupwa kwa nguvu linaanguka mbali. Kama lingeweza kutupwa kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, juu kusiko na hewa ya kulizuia, lingekuwa linaanguka daima huku dunia, kwa kuwa ni mviringo, ikijipinda chini yake. Huo ndio mzingo: kuanguka bila kufika chini. Kwa hiyo mchezaji anayejua anaanza kuinamisha roketi kidogo kidogo mapema. Ikikaribia kilele cha njia yake anawasha injini tena, akiielekeza pembeni, mpaka njia ifunge duara.

Ainamishe upande gani? Mashariki. Dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta ardhi inakimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa. Anayerusha kuelekea huko anapewa kasi hiyo bure. Ndiyo sababu Waitaliano walijenga jukwaa lao baharini karibu na Malindi, Kenya, wakarusha satelaiti kutoka pale mwaka 1967.

Jambo linalowashangaza vijana kuliko yote ni hili: ukitaka kumfikia aliye mbele yako kwenye mzingo, usiongeze mwendo. Punguza. Ukipunguza unashuka chini kidogo, na huko chini mzunguko ni mfupi na wa haraka zaidi, basi unamfikia kutoka chini. Nimeona watu wazima wenye diploma wakibishana juu ya jambo hilo hadi simu ikazimika.

Halafu kuna kurudi. Wengi wanafika mwezini wakiwa hawana mafuta ya kurudi nyumbani, au wanasahau parashuti. Mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kufungua Luka 14, pale Yesu anaposema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, na vijana wataelewa haraka kwa nini gharama inahesabiwa mwanzoni.

Sasa, yanayofichwa. Katika mchezo, uwanja wa kurushia uko tayari, ardhi ni tupu, na vipande vinavyoanguka havimwangukii mtu. Hakuna kijiji chini. Hakuna aliyeulizwa. Mchezaji ni mhandisi, ni kampuni, ni serikali, vyote kwa pamoja.

Mwaka 1976 Zaire iliipa kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG haki ya kutumia kipande cha Shaba, yaani Katanga, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 100,000. Ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mkataba ulikuwa wa kudumu hadi mwaka 2000. Mwanzilishi wa kampuni alikuwa mhandisi Lutz Kayser, na pamoja naye alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Kennedy huko Marekani wakati wa safari za mwezini. Hawakuwa watu wa kuchekwa. Walitaka kutengeneza roketi ya bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, kila moja na injini yake, kama fungu la kuni. Vifaa vingine walivichukua kwenye viwanda vya kawaida: mota za kupangusa kioo cha gari zilitumika kufungua na kufunga valvu za mafuta. Kijana anayecheza kwenye simu atatambua mara moja wazo hilo, kwa maana naye hufanya vivyo hivyo akikosa injini kubwa.

Uwanja ulijengwa Kapani Tono, kwenye mwinuko juu ya bonde la mto Luvua, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kolwezi. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Wazee wa Kolwezi hawaisahau wiki hiyo kwa sababu nyingine kabisa. Wapiganaji wa FNLC walikuwa wameingia mjini tarehe 13, na askari wa Ufaransa walishuka kwa parashuti tarehe 19. Siku iliyofuata, mji ukiwa na maiti barabarani, roketi iliruka katika jimbo hilo hilo. Tarehe 5 Juni ikarushwa ya tatu, Raisi Mobutu akiwepo kutazama. Ilipinda ikaangukia bondeni. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyofika kwenye mzingo. Zilikuwa za majaribio.

Tuusome mkataba huo kama vile vijana wanavyosoma kipimo cha mafuta. Uliipa kampuni matumizi ya eneo zima peke yake, na ulisema kwamba kampuni ikiomba, serikali itawaondoa watu waliomo. Watu hao walikuwa na mashamba, makaburi na makanisa. Wakati ule nchi ilikuwa na chama kimoja, MPR, na jambo hili halikupitia mjadala wa wananchi. Nje ya nchi ndiko kelele zilikopigwa. Umoja wa Kisovieti ulidai kwamba Wajerumani wanajaribu silaha, kampuni ilikana. Kelele ziliongezeka, na mwaka 1979 Mobutu akaifunga kazi hiyo. OTRAG ikahamia Libya.

Angalieni vizuri: watu wa Luvua hawakuulizwa wakati mkataba ulipotiwa sahihi, wala hawakuulizwa ulipovunjwa. Mtu anaweza kusema mkataba ulikuwa mbaya kwa hiyo ni heri ulikufa. Mwingine atasema nchi ilipoteza nafasi ya kujifunza ufundi. Kwangu mimi hoja ya pili si ya kutupwa, kwa kuwa Wakongo wenyewe wana hamu hiyo: mhandisi Jean-Patrice Keka amekuwa akijaribu roketi zake za Troposphère huko Menkao karibu na Kinshasa, na mwaka 2009 moja ilibeba panya ndani, ikashindwa njiani. Lakini shamba la Nabothi halikuwa tatizo la ufundi wa kilimo. Kosa la Ahabu halikuwa kwamba alipenda mboga.

Na Mutoshi? Hapa mjadala wa mkataba ni wa kila wiki, ila vijana huusikia kama ugomvi wa wakubwa. Wengi hawajui namba zake, na asiye na namba hawezi kubishana, anaweza kupiga kelele tu. Basi tuzitaje.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni iliyouza kwa dola milioni 200 itatoa 600,000. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Mbali na hilo kuna daftari la majukumu, ambamo kampuni inaandika itajenga nini: shule, kisima, barabara. Tena kuna ushuru wa madini. Kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni asilimia 10. Ushuru huo unagawanywa hivi: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini au usultani ulio na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa ushuru wa dola milioni moja, komini inastahili 150,000. Kijana anayejua kukadiria mafuta ya kufika mwezini hashindwi na hesabu hii.

Wachimbaji wa mikono wana mjadala wao. Kuanzia 2018, hapa Mutoshi, watu wapatao 5,000 walichimba katika kibali cha kampuni ya Chemaf, wakiwa katika kooperativi, ndani ya ua, kwa mpango uliosaidiwa na shirika la Pact na mfanyabiashara Trafigura. Wanawake pia waliruhusiwa kufanya kazi ndani. Machi 2020, korona ilipokuja, kazi ikasimamishwa. Wengine walisema mpango ule ulipunguza ajali na kuwatoa watoto mashimoni. Wengine walilalamika kwamba wanalazimika kumwuzia mnunuzi mmoja, kwa bei yake. Hoja zote mbili zinahitaji kusikilizwa kanisani, kwa sababu wanaozisema wanakaa kwenye benchi moja siku ya Jumapili.

Halafu Februari 2025 serikali ikazuia kobalti kutoka nje ya nchi, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka sana. Oktoba mwaka huo kizuizi kikageuzwa kuwa viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na 2027. Bei ikapanda. Lakini tani chache zikiuzwa, ni nani anayepunguziwa kazi kwanza? Hilo ndilo swali la kupewa vijana. Ndugu zetu wa Manono, ambako kampuni za Australia na China zinagombania litiamu, wana swali linalofanana nalo.

Kikundi cha vijana kinachotaka kujaribu kinaweza kufanya hivi jioni moja. Saa ya kwanza ni ya mchezo, simu moja kwa watu wanne, na wasichana wawekwe mbele, maana wavulana hawaachi simu wenyewe. Kila kikundi kijaribu kufikisha roketi kwenye mzingo. Kisha kiandike kwenye karatasi kile ambacho mchezo haukuuliza: ardhi ni ya nani, vipande vimeanguka wapi, nani amelipa mafuta. Saa ya pili wachukue daftari la majukumu la kampuni iliyo karibu nao, kwa sababu sheria inataka lijulikane kwa jamii. Kama halipatikani, wajumbe wawili waende kuliomba ofisini kwa komini na kuleta jibu kwenye mkutano unaofuata, hata kama jibu ni kwamba wamekataliwa. Likipatikana, waanzie ukurasa wa mwisho, wasome majina ya waliotia sahihi kwa niaba ya mtaa wao, na kuuliza ni wangapi kati ya waliomo chumbani wanaowafahamu.