Seva Tengwa na Seva ya Pamoja

Miongoni mwa maneno ya kompyuta yanayowatatiza wafasiri wetu ni yale yanayofanana na maneno ya kila siku, kwa kuwa msomaji huyapokea kwa maana aliyoizoea. Katika makala hii tunakusudia kueleza maneno matatu yanayotumika katika hifadhidata ya Oracle, nayo ni DEDICATED, SHARED na NONE, na kupendekeza namna ya kuyafasiri.

Kwanza hatuna budi kufafanua neno seva. Wengi hulitumia kwa maana ya mashine. Hapa seva si mashine, bali ni mchakato, yaani programu inayotenda kazi ndani ya mashine. Mtu anapojiunga na hifadhidata hufunguliwa kipindi, na maombi ya kipindi hicho hutekelezwa na mchakato wa seva. Hapa tutaeleza njia mbili za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza yafanana na ofisi ambayo kila mteja amepewa karani wake. Mteja akinyamaza, karani humngoja wala hamhudumii mwingine. Hii ndiyo DEDICATED. Njia ya pili yafanana na ofisi yenye makarani wachache na mpokezi mlangoni. Mpokezi, ambaye tutamwita mgawaji, huyaweka maombi katika foleni. Karani aliye huru huchukua ombi lililotangulia, hulitekeleza, kisha huendelea na la mteja mwingine. Hii ndiyo SHARED. Njia hii huokoa kumbukumbu ya mashine pale watumiaji wanapokuwa wengi na maombi yao ni mafupi. Kazi ndefu zafaa njia ya kwanza, na kazi ya kuizima hifadhidata haiwezi kupitia kwa mgawaji.

Anayetaka kujua ni njia ipi inayotumika huitazama safu iitwayo SERVER katika jedwali la V$SESSION, kwa amri hii:

SELECT server, COUNT(*) FROM v$session WHERE type = 'USER' GROUP BY server;

Sharti linalotaja USER ni la lazima, kwani michakato ya ndani ya hifadhidata yenyewe nayo huandikwa DEDICATED, na ingeivuruga hesabu.

Ugumu umo katika neno NONE. Mfasiri akiandika «hakuna seva», msomaji atadhani kipindi hicho kimekatika au kina kasoro. Sivyo hata kidogo. NONE ni kipindi cha seva ya pamoja ambacho kwa wakati huo hakina ombi linalotekelezwa. Tuchukue mfano wa vipindi 200 vinavyohudumiwa na michakato mitano. Vitakavyoonekana kuwa SHARED kwa mara moja havitazidi vitano, kikiwamo cha yule anayeuliza. Vilivyobaki vitaonekana kuwa NONE. Msimamizi aliyepotoshwa na tafsiri huenda akavifuta, kumbe vingine vina mabadiliko ambayo hayajathibitishwa, nayo yote yatatanguliwa. Basi kosa la neno moja laweza kupoteza kazi ya mtu.

Sasa tuje kwenye istilahi. «Seva maalumu» haifai, maana humfanya msomaji afikiri juu ya mashine ya aina ya pekee. «Seva binafsi» huleta wazo la umilikaji. «Seva ya shirika», ijapokuwa ni Kiswahili safi cha kushirikiana, itaeleweka kuwa ni mali ya kampuni. Twapendekeza «seva tengwa», kwa mfano wa fedha zilizotengwa, ambalo kila mtumishi wa serikali analifahamu. Na «seva ya pamoja» kwa ile ya pili. NONE ielezwe kuwa ni kipindi «kisichohudumiwa kwa sasa».

Yafaa kukumbuka kwamba katika toleo la Oracle7 la mwaka 1992 mpango huu wa pamoja ulikuwa na jina jingine, lililotaja nyuzi nyingi. Jina la sasa lilikuja na toleo la 9i mwaka 2001. Aliyefasiri jina la awali neno kwa neno alibaki na istilahi ya nyuzi, ilhali kazi ilikuwa ile ile ya kuhudumu kwa pamoja.

Hatimaye twawashauri wafasiri wayaache maneno ya skrini kama yalivyo ndani ya amri, na kuyafafanua kwa Kiswahili katika maelezo. Amri iliyofasiriwa haitekelezeki. Maelezo yasiyofasiriwa hayaeleweki.