Kung'arisha au Kujenga Upya: Michezo ya Video ya Uhalifu Mikononi mwa Wahariri Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoeshwa mapema kujiuliza, kabla ya kuuhakiki utenzi wowote wa kale, ni nakala ipi iliyo mbele yake. Ni nani aliyeinakili? Aliinakili kutoka wapi? Na mhariri aliyeitia chapani alirekebisha nini, kwa idhini ya nani? Maswali haya hayajazoeleka katika mjadala wa michezo ya video, na huenda wapo watakaoshangaa kuyakuta hapa. Hata hivyo, ni vijana wengi wa mijini waliozifahamu njia za Los Santos, mji wa kubuni katika mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas, kupitia PlayStation 2 za vibanda vya mtaani, kabla ya kuimaliza riwaya yao ya kwanza ya upelelezi. Kwao hiyo ilikuwa hadithi, yenye msuko, wahusika na mandhari. Hadithi hiyo sasa imetolewa upya, na aliyeirudia alikuta si ileile aliyoiacha.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika pale michezo ya kale ya uhalifu inapoandaliwa kwa wachezaji wa leo. Mifano iliyoteuliwa ni miwili: Mafia, uliotolewa mwaka 2002, na mfululizo wa Grand Theft Auto. Msimamo unaotetewa ni kwamba kila toleo jipya ni tendo la uhakiki, kwani anayelitayarisha hulazimika kuamua kipi katika kazi ni kiini na kipi ni takataka za wakati. Uamuzi huo unaweza kuwa mbovu bila kuleta maafa. Maafa huja pale toleo jipya linapolifukuza la zamani.

Dhana mbili zinazochanganywa

Wauzaji wa michezo hii hupenda kutumia jina moja, "toleo kamilifu", kwa kazi mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza hapa itaitwa ung'arishaji. Katika ung'arishaji msimbo wa asili, yaani maagizo yanayoiongoza tarakilishi, hubaki kwa kiasi kikubwa. Kinachobadilishwa ni ukali wa picha, mwanga, sauti na namna ya kuushika mchezo mkononi. Nyumba ni ileile, imepigwa chokaa. Ya pili ni uundaji upya. Hapo nyumba hubomolewa na nyingine kujengwa kwa kufuata ramani ya kale, na fundi huwa na uhuru wa kuhamisha mlango au kuongeza chumba. Mwaka 2020 mfululizo wa Mafia ulitoa mifano yote miwili. Mwezi Mei ulitoka Mafia II wa mwaka 2010 ukiwa umeng'arishwa, na mwezi Septemba ukatoka Mafia wa kwanza ukiwa umeundwa upya tangu msingi. Yote miwili iliuzwa kwa jina lilelile la toleo kamilifu.

Sababu za kufanya hivi hazihitaji maelezo marefu. Mashine mpya aghalabu haziwezi kuendesha michezo ya zamani, runinga za leo zinaianika kila dosari, na jina lililokwisha kupendwa ni rahisi kuliuza kuliko jina geni.

Ikumbukwe kwamba fasihi yetu nayo inalijua jambo hili. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, kisha akatoa toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, mwaka 1969. Mtafsiri alijihakiki mwenyewe hadharani. Lakini toleo la 1969 halikuingia maktabani kuichoma nakala ya 1963, na mtafiti anaweza hadi leo kuziweka mbili hizo sambamba na kuona mtafsiri alipobadili nia.

Dereva wa teksi na mwendo wa polepole

Mafia ulitungwa na kampuni ya Illusion Softworks ya mji wa Brno, katika Jamhuri ya Czech, chini ya uongozi wa msanifu Daniel Vávra. Mandhari yake ni Lost Heaven, mji wa kubuni wa Marekani katika miaka ya 1930. Mhusika mkuu, Tommy Angelo, ni dereva wa teksi anayejikuta amewabeba majambazi wawili wanaokimbizwa, na kutoka hapo anazama katika genge la Don Salieri. Usimulizi wake ni wa mbinu rejeshi. Mwaka 1938 Tommy ameketi mkahawani na mpelelezi, anajisalimisha kwa kusimulia. Mchezaji, kwa hiyo, anatenda matukio ambayo msimulizi tayari anayajutia. Ni vigumu kupata katika michezo ya wakati ule mfano mwingine ambapo nafsi inayosimulia na mkono unaotenda vimetenganishwa kwa ustadi kama huu.

Jambo lililowakera wengi mwaka 2002 ni mwendo. Magari ya Lost Heaven yalikuwa mazito na ya polepole kama magari halisi ya enzi hizo. Aidha, polisi walimsimamisha mchezaji na kumtoza faini kwa kuendesha kasi kupita kiasi au kupuuza taa nyekundu. Safari za kwenda na kurudi zilikuwa ndefu. Mchezaji asiye na subira aliona ni kupotezewa muda, lakini mhakiki makini ataona fani ikibeba maudhui: mtu aliyeshiriki kuua usiku anarudi nyumbani akitii taa za barabarani. Sheria ndogo zinamfunga, kubwa amekwisha kuzivunja. Kejeli hiyo haikusemwa na mhusika yeyote, iliachwa katika usukani.

Walioiunda upya kazi hii ni kampuni ya Hangar 13, ambayo ilikuwa imeirithi studio ya Brno. Walilikabili tatizo la mwendo kwa busara ya kadiri. Mchezaji anaweza kuchagua polisi wakali wa asili au polisi wapole, magari mazito au mepesi. Mashindano ya magari, ambayo katika toleo la kwanza yaliwakwamisha wachezaji kwa siku kadhaa na kuwatoa machozi, yanalegezwa kwa atakaye na kubaki magumu kwa anayechagua ngazi iitwayo ya kale. Kumwachia msomaji uamuzi ni njia nzuri ya uhariri. Kasoro yake ni kwamba msomaji mgeni, asiyejua kwa nini polepole ile ilikuwepo, atachagua wepesi na kejeli itampita.

Upande wa hadithi mabadiliko ni mazito zaidi. Sarah, bintiye mhudumu wa baa ambaye Tommy anamwoa, alikuwa kivuli tu katika toleo la kwanza; katika la pili amepewa sauti na nafasi kubwa. Sura mbili za asili, moja ikiitwa kwa jina la kahaba na nyingine kwa jina la kasisi, zimeunganishwa kuwa moja inayoitwa kwa maana ya mtakatifu na mwenye dhambi. Hapa mhariri amesoma kwa jicho la wakati wake. Mwanamke aliyetajwa kwa kazi yake pekee sasa ni nusu ya fumbo la kimaadili, na ni vigumu kulilalamikia hilo.

Mwisho, hata hivyo, unajadilika. Katika matoleo yote mawili Tommy anauawa mwaka 1951 nje ya nyumba yake, na watu wawili waliotumwa na bwana wake wa zamani. Katika toleo la 2002 kifo hicho ni baridi na cha ghafla, kisha msimulizi anatoa mawazo makavu kuhusu ulimwengu na sheria zinazouendesha kweli. Toleo la 2020 limehamisha uzito kuelekea familia, na maneno ya mwisho yanafariji. Tommy mpya anapendeka zaidi, bila shaka. Lakini hadithi ya jambazi huishi kwa mvutano kati ya kupendeka kwake na hukumu inayomsubiri, na faraja ikiongezwa upande mmoja wa mizani, upande wa pili hupanda juu. Katika suala hili toleo la kwanza, pamoja na sura zake za mbao na midomo isiyofuata maneno, linabaki kazi iliyokomaa zaidi.

Nati iliyogeuka donati

Habari ya Grand Theft Auto ni tofauti. Michezo mitatu inayohusika, Grand Theft Auto III wa 2001, Vice City wa 2002 na San Andreas wa 2004, ilitungwa Edinburgh, nchini Scotland. Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Rockstar iliitoa yote mitatu kwa pamoja ikiwa imeng'arishwa. Kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa kampuni ndogo ya Marekani, Grove Street Games, iliyojipa jina la mtaa wa mhusika mkuu wa San Andreas. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imeandaa, chini ya jina jingine, matoleo ya awali ya simu za mkononi, na toleo jipya lilitokana kwa kiasi kikubwa na hayo ya simu. Mwanafunzi wa miswada atatabasamu kwa uchungu: nakala iliyonakiliwa kutoka nakala, na makosa ya mwandishi wa kati yakahamia kwa wa mwisho.

Makosa yenyewe yalikuwa mengi. Mvua ilishuka kama nyuzi nyeupe zilizoziba macho. Sura za wahusika zilifanana na vinyago vya plastiki. Maandishi ya vibao vya maduka, yaliyokuzwa kwa programu ya kujifunza yenyewe, mengine yalitoka na makosa ya tahajia. Kosa linalofundisha kuliko yote lilikuwa dogo. Katika San Andreas kuna duka la donati ambalo jina lake linachezea neno la Kiingereza lenye maana ya nati, na alama yake ilikuwa nati ya chuma yenye pembe sita. Katika toleo lililong'arishwa pembe zile zilisuguliwa mpaka nati ikawa duara laini, yaani donati hasa. Kwa bahati hata Kiswahili kinaubeba utani huo, kwani nati imo ndani ya donati. Aliyelainisha umbo lile, awe mtu au mashine, aliona picha yenye kingo chakavu akaitengeneza. Hakusoma. Ndivyo mnakili anavyoweza kulisahihisha neno la kale asilolijua kwa neno analolijua, na beti ikaendelea kuwa na mizani kamili huku maana imekufa.

Hali kadhalika ukungu. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu, na haikuweza kuchora jimbo zima la San Andreas kwa wakati mmoja. Wasanii wakaufunika upeo wa macho kwa utusitusi wa rangi ya machungwa. Kila mji ulijitokeza taratibu, na jimbo likaonekana halina mwisho. Ilikuwa ni kama mtunzi anayebanwa na vina, akapata neno bora kwa sababu lile la kwanza lilikataa kukaa. Toleo la 2021 liliuondoa ukungu, kwa kuwa mashine mpya haziuhitaji. Mchezaji aliyepanda mlimani aliona miji yote mitatu imebanana kama vibanda vya soko, na umbali aliousafiri ujanani ukageuka mwendo wa dakika chache. Katika marekebisho ya Novemba 2024 mwanga wa kale na utusitusi wake ulirejeshwa, na jina la Grove Street Games likaondolewa katika skrini za ufunguzi.

Dosari hizo zingeweza kubaki mada ya uhakiki wa kawaida. Kilichozifanya kuwa zaidi ya hapo ni kwamba mwezi mmoja kabla ya toleo jipya kutoka, matoleo ya asili yaliondolewa katika maduka ya mtandaoni. Mnunuzi hakuwa na la kulinganisha. Mashabiki waliokuwa wameuchambua msimbo wa zamani ili uweze kuendeshwa kwenye tarakilishi za sasa walikuwa wameshtakiwa mahakamani mwezi Septemba wa mwaka huohuo. Tarehe 19 Novemba kampuni iliomba radhi na kuahidi kuyarudisha matoleo ya zamani kwa watumiaji wa tarakilishi. Kurudi huko ni jambo jema, ila lilitokana na kelele za wateja. Laiti toleo lile lingekuwa bovu kidogo tu, pengine kelele zisingetosha.

Muziki na hakimiliki

Kuna hasara nyingine isiyotokana na mhariri yeyote. Michezo hii ilijaa nyimbo halisi zilizokodiwa kwa muda maalumu, na muda ukiisha nyimbo huondolewa. Billie Jean wa Michael Jackson ulisikika katika Vice City wa 2002, lakini haumo katika matoleo ya baadaye. San Andreas nao ulipoteza baadhi ya nyimbo zake mwaka 2014, ulipotimiza miaka kumi, hata kwa watu waliokuwa wameununua zamani.

Mafia wa kwanza ulikutwa na hali hiyohiyo. Uliporejeshwa sokoni mwaka 2017 baada ya kutoweka kwa miaka kadhaa, ulirudi bila nyimbo zake za kukodi. Gitaa la Django Reinhardt, lililomsindikiza Tommy akiendesha teksi kwa mwendo ulioruhusiwa katika mitaa ya Lost Heaven, halimo. Anayetaka kulisikia mahali lilipowekwa na watunzi wake hana budi kutafuta diski ya mwaka 2002, pamoja na tarakilishi ambayo bado ina mahali pa kuitia.